Mkanda mmoja, nchi mbili: hatimaye uso umebaki

Jamani uso umebaki! Nimetoa negativu kwenye tanki leo, hata hazijakauka nikazipeleka dirishani, na ile fremu ya jamaa wa koti jeusi imetoka vile nilivyokuwa naiota tangu mradi uanze. Yeye amekaa huku ugenini, macho yanaonekana kabisa, na begani kwake kuna mlango wa nyumba ya kwao, mpaka komeo unaliona.

Utaratibu ni uleule wa kupiga picha mbili juu ya filamu moja: napiga mkanda mzima huku, naurudisha nyuma bila ncha kumezwa ndani ya kopo lake ili upakiwe tena, unasafiri mpaka nyumbani, dada yangu anaupiga tena juu kwa juu. Tatizo la fremu zake na zangu kupishana tulishalimaliza kwa alama ya kalamu kwenye ncha, sirudii.

Kilichonitesa ni nyuso. Ile kanuni ya kupunguza stopu moja (yaani nusu ya mwanga) kila mpigo inakubali vizuri kwenye majengo na miti, ila mpigo wa pili unakwenda kukaa pale ambapo filamu haikupata mwanga, na uso mweusi ukiupunguzia stopu unakuwa ndio hapohapo pa kukalia. Kwa hiyo kila mkanda watu wangu wanarudi wana barabara usoni, wana mabati kwenye paji, macho hakuna. Iliniuma sana. Mtu ameniamini, amekaa mbele ya kamera wakati makaratasi yake bado yanazungushwa, halafu mimi nimrudishie kivuli? Wengi walinishauri nipige tu vivuli dhidi ya mwanga maana ndio rahisi, nikakataa, wahamiaji wameshapigwa migongo na vivuli vya kutosha.

Dawa imekuwa hii: uso unapata mwanga wake kamili, napima ngozi yenyewe na sio chumba, mtu anakaa ubavu kwa dirisha na anavaa nguo nyeusi. Dada yeye anapunguza stopu mbili, na namchorea kila fremu kwenye karatasi, hapa weka kitu cha giza, hapa weka mwanga. Kwenye uso wa jamaa aliweka kivuli cha mti, mlango ukaangukia kwenye koti. Akanitumia voisi, "mdogo wangu, sasa umenipa kazi ya kueleweka."

Na msiniambie kuna programu inayofanya haya kwa dakika moja. Inafanya, lakini pale mtu mmoja ndiye anachagua vyote. Mimi nataka mikono miwili isiyoonana. Mkanda ni ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga), na anayeusafirisha namwomba ukaguliwe kwa mkono, zile mashine mpya za CT za viwanja vya ndege, zinazokagua mizigo kwa eksirei, zinaunguza filamu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchapa na kuandika maelezo, ila nimeiweka pembeni kwa sababu ya Alfred Stieglitz, yule mpiga picha wa Marekani wa zamani. Ile picha yake ya 1907 ya watu wamejazana melini, wengi wanaichukulia kuwa ni wahamiaji wanaingia Marekani, kumbe meli ilikuwa inatoka New York kwenda Ulaya! Imenikaa kichwani. Sisi kila mkanda umeanzia huku ukaishia kule, kwa nini? Nimemwambia dada aanze yeye na nyuso za waliobaki, mimi nitaweka huku juu yao. Ameshapakia mkanda, sasa anasubiri michoro yangu na hata sijui nianze na giza la wapi, huku taa hazizimwi.