Viambaza vya roshani melini na moto wa Star Princess

Abiria wanaochukua vyumba viwili vilivyopakana kwenye meli ya kitalii huwa na ombi moja wanalolipenda: kiambaza kinachotenganisha roshani zao kifunguliwe, ili familia ikae pamoja ikitazama bahari. Wengine huwa na ombi la kinyume chake. Hulalamika kwamba kiambaza ni kifupi, kwamba kina mwanya chini na pembeni, kwamba jirani anawasikia na pengine anawaona, kisha huamua kuuziba mwanya huo wenyewe kwa taulo, shuka au kitambaa walichokuja nacho. Mhudumu wa vyumba akikataa, au akisema kwanza aulize kwa wakubwa wake, abiria huona kwamba huo ni urasimu tu. Mimi sioni hivyo. Kila sharti linalohusu kibao kile chembamba kati ya roshani mbili lina sababu, na nyingi ya sababu hizo zilijulikana usiku mmoja, tarehe 23 Machi 2006.

Usiku huo meli iitwayo Star Princess ilikuwa ikitoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaika, ikiwa na abiria 2,690 na wafanyakazi 1,123. Haikuwa meli kuukuu, kwani ilikuwa imeanza kazi mwaka 2002 na ilitimiza masharti yote ya usalama ya wakati wake. Yapata saa tisa usiku, watu wengi wakiwa wamelala, moto uliwaka kwenye roshani moja ya sitaha ya 10, upande wa kushoto wa meli. Idara ya Uingereza inayochunguza ajali za baharini, MAIB, ambayo ilifanya uchunguzi kwa niaba ya Bermuda ilikosajiliwa meli hiyo, ilihitimisha kwamba kilichoelekea zaidi kuwa chanzo ni kipisi cha sigara kilichotupwa bila kuzimwa. Kipisi hicho kilivipasha joto vitu vilivyokuwa kwenye roshani, vikafukuta kwa muda wa dakika 20 hivi pasipo mtu kujua, kisha ndimi za moto zikazuka.

Kilichofuata ndicho kilichobadilisha sheria. Katika muda wa dakika 10 moto ulikuwa umepita kutoka roshani moja hadi nyingine, umepanda hadi sitaha ya 11 na ya 12, na umeingia katika kanda nyingine mbili za meli ambazo zilikuwa zimetenganishwa mahususi ili moto usivuke. Joto lilipasua vioo vya milango ya roshani, na hapo moto ukapata njia ya kuingia vyumbani. Ndani ya vyumba ulikutana na vinyunyizio vya maji, vifaa visivyoshika moto kwa urahisi na kuta zinazozuia joto, kwa hiyo haukuenda mbali. Moshi, hata hivyo, hauzuiwi na vinyunyizio. Ulikuwa mweusi na mzito, ukajaa vyumbani na kwenye njia za ndani, hasa sitaha ya 12, na kuwapa abiria taabu kubwa ya kutoka. Abiria mmoja alikufa kwa kuvuta moshi huo, na wengine 13 walitibiwa kwa sababu yake. Moto ulizimwa baada ya saa moja na nusu hivi, na vyumba 79 vikawa havifai tena, huku vingine 218 vikiharibiwa na moto, moshi au maji.

Mtu akisoma habari hizo kwa mara ya kwanza atauliza inawezekanaje meli ya chuma, yenye mitambo ya kuzima moto kila chumba, iungue kwa kasi hiyo. Jibu liko nje ya mlango wa kioo. Viambaza vya roshani vilikuwa vya polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Sakafu ilikuwa imetandikwa vigae vya poliyurethani, na viti na meza navyo vilikuwa vya plastiki. Hakukuwa na kitambua moto wala kinyunyizio kwenye roshani hata moja, na hakuna aliyekuwa amevunja sheria kwa kuziacha hivyo, maana sheria za wakati ule zilihesabu roshani kuwa eneo la nje, na eneo la nje halikutazamwa kwa makini kama vyumba na njia za ndani.

Naielewa fikra iliyokuwa nyuma ya sheria hizo. Moto unaowaka kwenye sitaha ya wazi huonekana mapema, moshi wake hupeperushwa na upepo, na watu wana pa kukimbilia. Lakini fikra hiyo ni ya zamani, ya wakati ambapo ubavu wa meli ulikuwa ukuta wa chuma wenye madirisha madogo ya mviringo. Meli za kitalii zilipoanza kujengwa zikiwa na mamia ya roshani, zilizopangwa ubavu kwa ubavu na moja juu ya nyingine, kile kilichoitwa eneo la nje kiligeuka kuwa kitu kimoja kinachoungana kutoka mbele hadi nyuma. Ndani, meli hugawanywa katika kanda za wima zenye urefu wa kawaida usiozidi mita 40, na kati ya kanda na kanda kuna ukuta wa chuma wa kuzuia moto. Nje, safu ya viambaza vya plastiki ilipita mbele ya kuta zote hizo kama utambi.

Polikaboneti haikuchaguliwa kwa uzembe. Ni nyepesi, haipasuki ovyo, haili kutu kwa chumvi ya bahari, na inaruhusu mwanga kupita huku ikificha sura ya jirani. Kwa mbunifu wa meli, sifa hizo zote ni njema. Tatizo ni kwamba huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na moto ukiishika huungua kwa moshi mwingi mweusi. Kiambaza ambacho kazi yake ni kutenganisha kikawa ndicho kinachounganisha.

Kuna jambo la pili ambalo huzungumzwa kwa nadra, nami naliona zito kuliko la kwanza. Baharia wa kikosi cha zimamoto hafiki kwenye roshani kwa kutembea nje ya meli. Hupita njia ya ndani, hufungua chumba, huvuka chumba hicho akiburuta mpira wa maji, hufungua mlango wa kioo, ndipo atokee kwenye roshani. Akifika hapo, ikiwa moto uko roshani ya pili yake, kati yake na moto kuna kiambaza. Kama hakifunguki, ana njia tatu tu: akivunje, apinde mpira wa maji kuzunguka ukingo ulio juu ya bahari, au arudi ndani na kujaribu chumba chenyewe kinachowaka. Hayo yote anayafanya akiwa amevaa mtungi wa hewa mgongoni, gizani, katikati ya moshi. Kwenye Star Princess mpangilio wa roshani na viambaza vyake uliwapa wazima moto shida ya kuufikia moto kwa maji, ingawa walifanya kazi yao kwa ujasiri.

Shirika la Bahari Duniani, IMO, halikuchelewa. Mnamo Desemba 2006, miezi tisa tu baada ya ajali, kamati yake ya usalama ilipitisha marekebisho ya sura ya II-2 ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha ya watu baharini. Marekebisho hayo yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2008. Viambaza vya roshani sasa lazima viwe vya kitu kisichoungua, na neno hilo lina kipimo chake: kitu hicho kikipashwa joto hadi nyuzi 750 hivi, hakiungui wala hakitoi mvuke wa kutosha kujiwasha wenyewe. Nyuso za roshani zilizo wazi zinatakiwa zisieneze moto kwa haraka, isipokuwa sakafu ya mbao ngumu za asili, ambayo imeruhusiwa. Rangi na vipako vinatakiwa visitoe moshi na sumu kupita kiasi. Ama roshani iwe na viti na meza vya aina isiyochochea moto, ama iwekewe kitambua moto na mfumo wa kunyunyiza maji. Uhuru huo wa kuchagua kati ya njia mbili ndio unaoeleza kwa nini kwenye meli nyingi huoni bomba lolote darini mwa roshani: usalama umewekwa kwenye viti na meza. Kwa sababu hiyo kiti cha plastiki cha kukunja ambacho abiria amekuja nacho kutoka nyumbani kinaharibu hesabu yote.

Sharti la mwisho linahusu kile nilichokitaja hapo juu. Viambaza kati ya roshani zilizopakana vinatakiwa viweze kufunguliwa na wafanyakazi wa meli kutoka upande wowote kati ya pande mbili, kwa ajili ya kuzima moto. Hiyo ndiyo sababu ya bawaba na komeo unazoziona pembeni mwa kiambaza. Ukikitazama kwa karibu utaona ni kibao chepesi cha chuma au alumini kilichopakwa rangi, au kioo kilichoshikwa na fremu, kimening'inizwa kwenye nguzo moja, na upande wa pili kuna komeo dogo la bapa, aghalabu lenye tundu la pembe nne linalohitaji ufunguo maalumu. Hakibebi uzito wowote wa meli. Mwanya ulio chini yake hupitisha maji ya mvua na ya kuoshea sitaha. Kufunguliwa kwa ajili ya familia ni faida ya ziada tu, na ndiyo maana mhudumu hufungua pale tu anaporuhusiwa, na hukifunga tena upepo unapozidi, kwani kibao kinachopigapiga huvunja bawaba zake, na bawaba iliyopinda haitafunguka siku inapohitajika.

Hapa nina manung'uniko yangu. Masharti kuhusu viambaza visivyoungua na kuhusu viti na meza yalizihusu pia meli za zamani, ambazo zilitakiwa kuyatimiza kufikia ukaguzi wao wa kwanza baada ya tarehe 1 Julai 2008. Sharti la kiambaza kufunguka linazihusu tu meli zilizojengwa kuanzia tarehe hiyo. Meli ya kitalii huishi miaka 30 au zaidi, kwa hiyo zipo zilizojengwa kabla ya hapo ambazo zingali zikibeba watu, na kwa meli hizo mkataba hauulizi kama baharia ataweza kuvuka kutoka roshani hadi roshani. Najua kubadilisha mamia ya viambaza ni gharama, na kwamba kampuni inaweza kufanya hivyo kwa hiari yake. Lakini meli inayopelekwa chelezoni kwa matengenezo, ikabadilishiwa mazulia na migahawa, inaweza kuwekewa bawaba na makomeo katika muda huohuo. Ningependa sharti hilo lisiangalie mwaka wa kujengwa kwa meli.

Kuhusu taulo na vitambaa, nimewahi kuona shuka iliyofungwa kwa kamba kutoka juu ya kiambaza hadi kwenye ukingo, kamba ikiwa imezungushwa mara kadhaa juu ya komeo lenyewe. Aliyefanya hivyo alitaka faragha, na hilo ni haki yake. Alichokifanya ni kurudisha kwenye roshani kitu kinachoungua, mahali ambapo upepo unaweza kuleta kipisi cha sigara kutoka sitaha ya juu, na kumfungia baharia mlango wake. Anayehitaji faragha zaidi aulize kabla ya kulipa kuhusu vyumba ambavyo viambaza vyake vinafika darini, au vyumba vya pembeni vyenye jirani mmoja tu. Nguo mbichi zianikwe bafuni, na sigara ivutwe pale tu meli iliporuhusu, ikazimwe kwenye chombo chenye maji au mchanga.

Na ikitokea umesikia harufu ya moshi ukiwa kwenye roshani, usijaribu kuvuka kiambaza wala kukifungua kwa nguvu ili kwenda kwa jirani. Ingia ndani na ufunge mlango wa kioo nyuma yako, kwa sababu mlango ulioachwa wazi unaruhusu upepo kusukuma moto na moshi hadi kwenye njia ya ndani ambayo wenzako wanaitumia kutoka. Toa taarifa kwa simu ya chumbani au kwa kubonyeza kengele ya moto iliyo ukutani njiani, kisha uende kituo chako cha kukusanyikia. Anayetakiwa kukifungua kiambaza ni baharia aliyevaa mtungi wa hewa.