Kinachoua timu si mshahara, ni bonasi

Kwenye ligi yetu wananiita Bahili, na sijawahi kuona sababu ya kukana. Tuko mameneja 32, kila mmoja na timu yake, tunacheza mchezo wa mtandaoni unaoiga soka ya Marekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka. Mpira wenyewe hatuugusi. Tunasajili, tunaachisha, tunapanga kikosi, halafu kompyuta inacheza mechi nasi tunasoma matokeo. Wageni wengi huingia wakidhani kazi ni mbinu za uwanjani. Msimu haujaisha wamegundua kwamba muda mwingi unaliwa na ukurasa mmoja: majina ya wachezaji kushoto, miaka juu, na katikati tarakimu, nyingine nyekundu.

Sheria zetu karibu zote tumezichukua NFL, ligi kuu ya soka hiyo. Huko kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo malipo ya wachezaji wa timu hayaruhusiwi kuivuka kwa mwaka, kilianza mwaka 1994, kikiwa dola milioni 34.6 kwa kila timu. Mwaka 2025 kilifika milioni 279.2. Aliyezoea soka ya kawaida anaweza kufikiri anakijua kitu hiki kwa sababu anakumbuka Agosti 2021, Messi alipoondoka Barcelona huku yeye na klabu wote wakisema walitaka abaki, ila kanuni za mishahara za ligi zikawazuia. Lakini Hispania kila klabu hupangiwa kiwango chake kulingana na hali yake ya fedha. Marekani tarakimu ni moja kwa wote, na tajiri hawezi kuinunua. Mwenye timu awe na mabilioni au awe na madeni, kikomo ni kilekile, na asichotumia mwaka huu anaruhusiwa kukihamishia mwaka ujao. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo imenipa jina langu la utani.

Sasa tuje kwenye bonasi ya kusaini, maana hapo ndipo watu wanapozama.

Mshahara wa kawaida ni rahisi kuuelewa: unahesabiwa mwaka unaolipwa, na ukimwachisha mchezaji kabla haujafika, kama hukuudhamini, yaani hukuahidi kuulipa kwa vyovyote, haukuhusu tena. Bonasi ni mnyama mwingine. Mchezaji anaipata akisaini, lakini kwenye hesabu ya kikomo inagawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi 5. Ukimwachisha katikati, vipande vyote vilivyobaki vinakuangukia kwa mkupuo. Mchezaji hayupo, jezi yake kapewa mwingine, ila bado anakula nafasi kwenye kikomo. Sisi tunaiita pesa mfu.

Nina mpokeaji, yaani mdakaji wa pasi, jezi namba 84, nilimchukua kwenye soko la wachezaji huru akiwa na miaka 27. Kasi 93, mikono mizuri, magoti mazima. Wakala wake, ambaye ni kompyuta lakini ana maringo kama binadamu, alifungua kwa madai ya kunitoa macho. Tukavutana hadi miaka 4, jumla dola milioni 40. Hapo meneja wa kawaida anafurahi na kubonyeza kitufe. Kwangu mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza, kwa sababu milioni 40 ni jina tu la mkataba. Mkataba wenyewe ni jinsi hizo 40 zilivyopangwa.

Wakala alitaka bonasi ya milioni 16, na mishahara ya milioni 2, 6, 8 na 8. Bonasi ikigawanywa kwa 4, kila mwaka unabeba milioni 4. Kwa hiyo kwenye kikomo angekula 6 mwaka wa kwanza, kisha 10, 12 na 12. Inavutia sana, hasa ile 6 ya mwanzo. Lakini piga hesabu ya kumwachisha baada ya miaka 2: bonasi iliyobaki ni milioni 8, zote zinakuangukia. Badala ya kubeba 12 unabeba 8, umeokoa 4 tu na huna mchezaji.

Nilimrudishia hivi: bonasi milioni 8, mshahara wa mwaka wa kwanza milioni 12 uliodhaminiwa wote, halafu 6, 7 na 7. Jumla ileile, 40. Kwenye kikomo inakuwa 14, 8, 9 na 9. Nikimwachisha baada ya miaka 2, pesa mfu ni milioni 4, nusu ya ile ya kwanza, na naokoa 5. Sasa angalia upande wake. Kwa pendekezo la wakala, mwaka wa kwanza angetia mfukoni 18. Kwa langu, 20. Baada ya miaka 2 kwa lao angekuwa amepata 24, kwa langu 26. Yaani nimempa pesa nyingi zaidi na mapema zaidi, na bado kamba shingoni mwangu imelegea. Kipimo cha furaha ya wakala kilipanda, akasaini.

Ninachotoa mimi ni nafasi ya mwaka ule wa kwanza: 14 badala ya 6. Zile milioni 8 za ziada lazima ziwepo, na aliyejaza kikomo hadi ukingoni hana pa kuzitoa. Ndiyo maana huwa nawashangaa wanaosema nafasi isiyotumika ni uzembe. Ukiwa nayo unaweza kulipa leo kwa mshahara kile ambacho mwenzako analazimika kukitupia mbele kwa bonasi. Wawili mnamlipa mchezaji wa aina moja pesa zilezile, mmoja akiachana naye anaendelea na shughuli zake, mwingine anafanya matanga miaka miwili.

Kuna mwenzangu ligini ambaye ana kipaji kikubwa cha kuchagua wachezaji, na ana ugonjwa wa kugeuza mikataba. Kugeuza ni hivi: mchezaji ana mshahara wa milioni 10 msimu huu na miaka 3 imebaki. Unamwachia milioni 1 kama mshahara, 9 unaziita bonasi, zinagawanywa 3 kwa kila mwaka. Mwaka huu badala ya 10 unabeba 4. Nafasi ya milioni 6 imepatikana bila jasho! Mchezaji hapotezi senti, tena anapata zake mara moja. Ila miaka miwili inayofuata kila mmoja umeongezewa 3, juu ya ulichokuwa unadaiwa. Ukifanya kwa mchezaji mmoja, mwaka ambao kikosi kimeiva na unaona ubingwa kwa macho, sina ugomvi na wewe. Yeye alikuwa anafanya kwa wachezaji wanane kila msimu, halafu msimu unaofuata anaigeuza tena ileile mikataba iliyovimba kwa sababu ya mageuzi ya mwanzo. Mrusha mpira wake alipoumia bega, alitaka kumwacha akakuta kumwacha ni ghali kuliko kumbakiza. Kambakiza, akacheza vibaya msimu mzima, na kila mtu ligini akawa anajua kwa nini.

Huko kwenye timu za kweli mfano mkubwa ni Denver Broncos na mrusha mpira wao, Russell Wilson. Mwaka 2022 walimwongezea mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya takriban dola milioni 245, kabla hajawachezea hata mechi moja ya msimu. Machi 2024 wakamwacha, na pesa mfu ikawa milioni 85. Iligawanywa kwa misimu miwili kwa kutumia kanuni ya Juni 1, inayokuruhusu kusukuma sehemu ya maumivu mwaka ujao. Na alipokwenda timu ya Pittsburgh, wao walimlipa mshahara wa chini kabisa wa mkongwe, dola milioni 1.21. Mchezaji mmoja, msimu mmoja, timu moja inamlipia dhahabu na nyingine inamtumia. Ligini kwetu kanuni ya Juni 1 ipo, na tunaruhusiwa wachezaji 2 tu kwa mwaka, kama wao.

Upande wa pili wa ukurasa, ule unaonipa usingizi, ni chipukizi. Mchezaji aliyechaguliwa kwenye drafti, yaani pale timu zinapochagua chipukizi kwa zamu, anasaini miaka 4 kwa malipo yaliyopangwa kulingana na amechaguliwa wa ngapi. Hakuna wakala wa kunitoa macho. Ukipata mrusha mpira mzuri kwenye mkataba wa namna hiyo, una miaka ya kujenga timu nzima kumzunguka. Timu ya San Francisco walimchukua mrusha mpira Brock Purdy wa mwisho kabisa mwaka 2022, namba 262. Mkataba wake wote wa miaka 4 haukufika dola milioni 4. Februari 2024 alikuwa anacheza Super Bowl, fainali ya ubingwa. Wakati huo timu yake ingeweza kulipa nyota kila idara, kwa sababu nafasi ghali kuliko zote uwanjani ilikuwa inakaliwa na mtu wa bei ya akiba. Mwaka 2025 alipata mkataba mpya wa miaka 5, milioni 265, na hesabu ikabadilika kabisa.

Watu huniuliza nampa nani mkataba wa pili. Mrusha mpira, bila kubishana sana. Walinzi wa mstari wanaomkinga, ndiyo, wanazeeka taratibu. Wakimbiaji, wale wanaobeba mpira na kukimbia nao, hapana. Naomba wasinichukie, ila kwenye mchezo wetu mkimbiaji akifika 27 miguu inaanza kuandika barua ya kuacha kazi, na kwenye drafti unapata mwingine raundi ya tatu. Mkimbiaji wangu bora kabisa nilimuacha aende akiwa bingwa wa yadi, yaani aliyekimbia na mpira umbali mrefu kuliko wote. Nilitukanwa. Aliyemchukua alimpa bonasi nono ya miaka 4, na sitasema zaidi maana yeye ni msomaji wangu.

Tagi naitumia mara chache. Inakuruhusu kumshikilia mchezaji mmoja ambaye mkataba wake umeisha, kwa mwaka mmoja, kwa mshahara unaokokotolewa kutoka kwa wanaolipwa zaidi kwenye nafasi yake. Ghali, na ukirudia mwaka wa pili inapanda hadi asilimia 120 ya ule wa kwanza. Uzuri wake ni kwamba haina bonasi, kwa hiyo haina mkia. Kwa mchezaji ambaye sijui kama goti litapona, bora nilipe sana mwaka mmoja kuliko kidogo miaka minne. Mawakala wanaichukia, na kipimo cha furaha kinashuka palepale, hivyo ukimpiga tagi leo usitegemee punguzo kesho.

Namba 84 sasa anaingia mwaka wa tatu. Kasi imeshuka kutoka 93 hadi 90, na mameneja wawili wameshaniuliza kama namwacha. Msimu huu kwenye ukurasa anaonekana kama mchezaji wa milioni 9, na ndiyo tarakimu wanayoiangalia wao. Mimi naangalia nyingine: nikimwacha nabaki na pesa mfu 4, kwa hiyo swali langu ni kama yeye anastahili 5. Nimezunguka soko lote la wapokeaji huru. Wa milioni 5 waliopo ni wa kasi 86 na mikono ya mbao, na chipukizi wangu wa raundi ya nne bado anakimbilia upande usio wake. Namba 84 anabaki.