Dakika kumi kabla ya kutoka wodini

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza Machi 11, 2020 kwamba korona ni janga la dunia, kila wodi ilikuwa na mwongozo wa barakoa, lakini wa kumtunza aliyeivaa haukuwepo. Kilichonisaidia mimi na wauguzi wenzangu ni dakika kumi za kila mwisho wa zamu, baada ya makabidhiano.

Nilianzia kwenye kuvua vifaa kinga. Kwetu utaratibu ulikuwa glavu, ngao ya uso, gauni, barakoa mwisho, kisha kunawa mikono. Aliyechoka hukosea papo hapo: hushika mbele ya barakoa badala ya kamba za nyuma, halafu usiku kucha anawaza kama amewapelekea wanawe ugonjwa. Kwa hiyo tulivua wawili wawili, mmoja akisoma hatua kwa sauti, mwenzake akizifuata. Mtu akijua amevua sawasawa, hofu hiyo moja anaiacha kazini.

Kisha tulisimama nje, tukiwa tumeachana mita mbili, kwa maswali matatu: Umekula na kunywa maji? Kuna jambo la leo limekukaa moyoni? Ukifika nyumbani kuna mtu? Kila mmoja alipewa dakika moja, na asiyetaka kusema alipita bila kuulizwa sababu. Ruhusa hiyo ya kupita ndiyo niliyoilinda kuliko yote. Kumlazimisha mtu asimulie upya kifo alichokishuhudia hakumkingi na kiwewe, na WHO haishauri vikao vya namna hiyo. Mpango pia huvunjika mkubwa wa kazi akianza kuuliza nani alichelewesha dawa: kesho yake wote wanajibu "niko sawa." Makosa ya kazi yana kikao chake, tena siku nyingine. Wala sikuandika kitu, maana daftari likionekana, midomo hufungwa.

Usingizi nao tuliupangia. Kahawa ya mwisho ilinywewa saa nane kabla ya kulala, kwa kuwa baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Usiku, penye nafasi, mtu alijilaza dakika 20. Ukizidisha sana unaamka na kichwa kizito.

Mwenzetu akikosa usingizi au hamu ya kazi kwa wiki mbili, nilimpa PHQ-9, dodoso la maswali tisa kuhusu dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha), ambalo kila jibu lina alama kuanzia sifuri hadi tatu. Jumla ya 10 au zaidi si hukumu kwamba ana sonona, ila ni lazima aonwe na mtaalamu. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo jibu lolote lisilo sifuri lilimaanisha kumsindikiza siku hiyohiyo, bila kumwacha peke yake hata msalani. Namba ya mshauri niliibandika nyuma ya kitambulisho cha kila mtu, kwa sababu aliyeelemewa haendi kuitafuta ubaoni.