Nilivyotulia na Kete Nyeusi kwa Ulinzi wa Caro-Kann

Wengi wa wapinzani wangu wa sataranji hapa Kisumu hufungua mchezo kwa kumpeleka askari e4 (herufi hutaja safu ya wima ya ubao, namba mstari wa mlalo) na kushambulia mara moja, na kwa muda mrefu nilitafuta jibu ambalo lingenifikisha katikati ya mchezo nikiwa na ngome isiyo na ufa. Nililipata katika ulinzi wa Caro-Kann, unaobeba majina ya Horatio Caro na Marcus Kann waliouchambua mwaka 1886: Mweusi, yaani mwenye kete nyeusi, husogeza askari hadi c6, kisha mwingine hadi d5.

Mzee aliyenifunza hakunitaka nikariri hatua. Kila nilipomgusa askari wa e alinizuia: "Mwanangu, askofu wako wa c8 yuko wapi?" Swali hilo ndilo kiini cha ulinzi wote. Katika ulinzi wa Kifaransa Mweusi huanza na e6, na askofu huyo hufungiwa nyuma ya askari wake mwenyewe. Hapa d5 hutegemezwa na c6, kwa hiyo askofu hutoka kwanza hadi f5, na e6 hufuata baadaye. Gharama zipo, kwani farasi wa b8 hunyimwa nyumba ya c6, na askari wa c mara nyingi hutumia hatua mbili kufika c5, lakini naziona gharama hizo kuwa ndogo.

Mweupe akisonga e5, wengi hudhani Mweusi amebanwa, ilhali hapo ndipo kazi yake inapokuwa wazi kabisa: askofu aende f5, e6 ifuate, kisha c5 impige askari wa Mweupe wa d4, ambaye ndiye msingi wa e5, huku malkia akiongeza shinikizo kutoka b6. Hadhari kubwa ni pale Mweupe anapojibu askofu wa f5 kwa h4. Ukicheza e6 bila kufikiri, g4, f3 na h5 zitamnasa askofu wako. Mimi hujibu h5 papo hapo.

Mabadilishano ya askari kwenye d5 hayanisumbui. Mweupe akishaweka askari c3, mimi humsogeza askari wangu wa b hadi b4 ili kuidhoofisha c3.

Kilichonichukua muda zaidi ni uvumilivu katika mkondo wa kawaida, ambapo Mweupe hucheza farasi c3, Mweusi humla askari wa e4, na askofu hufukuzwa kutoka f5 hadi g6, na hatimaye h7. Michezo ya Mikhail Botvinnik, aliyeutumia ulinzi huu mwaka 1958 alipomnyang'anya Vasily Smyslov ubingwa wa dunia, ilinionyesha kwamba nafasi finyu si udhaifu. Sasa mimi hubadilishana maaskofu kwenye d3, hucheza e6, huwatoa farasi d7 na f6, kisha husubiri wakati wa c5. Na tukifika mwisho wa mchezo, askari wa Mweupe aliyekimbilia h5 mara nyingi ndiye ninayemlenga kwanza.