Kusahihisha madaftari nikiwa na ADHD

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, na kwa miaka mingi kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu madaftari ya wanafunzi yaliyokaa mezani kwangu mpaka yakashika vumbi. Shangazi yangu wa Kibosho alisema nilidekezwa, wengine walisema ni uvivu, na jirani mmoja alizilaumu soda za utotoni. Kumbe ilikuwa ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na utulivu, na haisababishwi na sukari wala malezi. Kwa sehemu kubwa hurithiwa, na humpata mwenye akili nyepesi sawa na mwingine yeyote.

Dhana iliyonichelewesha zaidi ni ile ya kwamba hali hii ni ya watoto wa kiume wanaoruka juu ya madawati. Shule ya msingi nilikaa kimya karibu na dirisha, nikimtazama mwalimu usoni bila kusikia neno, na kwa kuwa sikumsumbua mtu, mzazi wangu hakuitwa. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani unataja sura tatu za ADHD, mojawapo ikiwa ya kukosa umakini pasipo fujo, na toleo la 2013 linataka dalili kadhaa ziwe zilijitokeza kabla ya umri wa miaka 12, tena si mahali pamoja tu. Ndiyo maana daktari aliyenipima ukubwani alimhoji sana mama yangu kuhusu utoto wangu. Mama hakupata shida: alianza kuzitaja sweta nilizopoteza, moja baada ya nyingine, na rangi zake.

Mwenzangu ofisini hakuridhika. "Mwalimu, wewe unakesha na riwaya, ADHD gani hiyo?" Swali lake ni la haki. Umakini ninao, ila kuuelekeza panapotakiwa ndiko kunakonishinda. Linalonivutia hunishika hata maharage yakaungua jikoni, na lisilonivutia halinishiki, ingawa mshahara wangu unalitegemea.

Kujikaripia hakukusaidia, kwa hiyo nilibadili mazingira ya kazi. Sibebi tena madaftari nyumbani. Nayagawa kumi kumi, fungu moja likae mezani na mengine yafungiwe kabatini nisiyaone, simu namkabidhi mwenzangu huyo huyo, kisha nasahihisha swali la kwanza katika madaftari yote ya fungu kabla ya kugusa la pili, ili kichwa kisianze upya kila ukurasa. Yeye huketi mkabala nami akiandika andalio lake la somo. Hatuzungumzi, lakini kuwepo kwake kunanizuia kuinuka. Alama naziandika kwenye orodha papo hapo, maana nikisema nitaziandika baadaye, najijua sitaziandika.

Kuhusu dawa, maneno ya mtaani ni kwamba humfanya mtu zuzu. Methilifenideti, mojawapo ya zinazotumika sana, huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe katika ubongo. Hutolewa kwa cheti cha daktari, na kwa kuwa inaweza kupunguza usingizi na hamu ya kula na kupandisha shinikizo la damu, mtumiaji hufuatiliwa. Kwa makubaliano na daktari, kwa sasa siitumii.

Alama za muhula uliopita niliziwasilisha pamoja na wenzangu. Andalio la somo bado linanichelewesha, na huko mbinu ya mafungu haijafaa, kwa sababu ukurasa mtupu hauna cha kugawa.