Rosa Mistika, riwaya iliyonivunja moyo

Hakuna riwaya iliyoniuma kama Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na kisha kupigwa marufuku shuleni kwa muda, hatua ambayo, kwa maoni yangu, iliwanyima vijana kitabu kilichowahusu wao hasa. Rosa, binti wa Ukerewe, anapigwa kikatili na Zakaria, baba yake mlevi, kwa sababu ya barua tu kutoka kwa mvulana aitwaye Charles. Akiwa amelelewa katika hofu ya namna hiyo, anakwenda shule ya bweni bila kujua lolote kuhusu wanaume, na uhuru unamlemea. Ni rahisi kumwita malaya, lakini mwandishi ametuonyesha kipigo kile kabla hajatuonyesha makosa yake, nasi hatuwezi tena kujifanya hatukukiona. Charles alipomkataa kwa kuwa si bikira, naye Rosa akajiua, nililia kwa sauti (na mimi si mtu wa kulilia vitabu). Siku hizi, msichana anaposemwa vibaya mbele yangu, huuliza kwanza alilelewa na nani, na kwa woga gani.