Halipikwi na mlenda

Mama mkwe ana siku ya tatu tangu aje kutoka Mvumi. Jana asubuhi alisimama mbele ya kichaka changu chenye maua mekundu, mikono nyuma, akakikagua kama anayenunua mbuzi mnadani. "Mwanangu, hili nalo linapikwa na mlenda?"

Nikamwambia halipikwi, mama, ni ua tu. Akanyamaza. Nilimwelewa. Dodoma hii, dumu la maji linahesabiwa, halafu mkamwana anamwagilia kitu kisicholiwa!

Ua lenyewe ni salvia, hii wanayoiita Salvia greggii, asili yake Texas na kaskazini mwa Mexico, kwenye mawe na jua kali. Mche wa kwanza niliununua mwaka juzi nikaupanda kama tunavyopanda mwembe: shimo, samadi ndoo nzima, kisahani cha kushikia maji, na kumwagilia asubuhi na jioni. Majani ya chini yakageuka manjano. Nikaona una kiu, nikaongeza. Ulipolala kabisa niliung'oa kwa vidole viwili tu, haukushika popote. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama mlenda wenyewe, inanuka mtaro. Nilikuwa nimeuzamisha katikati ya nchi kame. Hilo sijamwambia mama mkwe.

Wa pili niliupanda juu ya kituta, mchanga wetu mwekundu uliochanganywa na kokoto zilizobaki kwa fundi, bila samadi. Miezi ya kwanza nilikuwa naumwagilia mara moja kwa wiki, maji ya kuzama chini, mpaka uliposhika. Sasa hivi dumu moja la lita 20 linaunywesha wiki mbili na chenji inabaki. Mvua zetu ni wastani wa kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote zinamwagika kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kuanzia Mei mmea wowote hapa unaishi kwa akili yake. Huu wangu una majani madogo, magumu kidogo, hayapotezi maji ovyo. Nimeupima kwa futi ya fundi: sentimita 48. Hauzibi dirisha wala haugombani na mzabibu. Ubaya wake ni matawi, yanakatika kirahisi mno. Upepo wa Agosti ulinivunjia mawili, na mpira wa watoto ukamaliza la tatu.

Turudi kwa mama mkwe. Jana hiyohiyo jioni nilimkuta amechuchumaa pale, amelishika tawi changa, analizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada. "Lina pembe nne," akasema. Akachuma jani, akalifikicha, akanusa, akanipa na mimi ninuse. "Huyu ni ndugu yake kivumbasi."

Na ni kweli, ni ukoo mmoja! Shina la pembe nne, majani yanayotoka mawili mawili yakitazamana, ua lenye midomo miwili, harufu ndani ya jani. Mimi niliyasoma hayo kwenye simu usiku wa manane baada ya ule wa kwanza kufa. Yeye ilimchukua kama dakika moja, na miwani kaiacha ndani.

Wakati tunanusa, chozi akatua, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, akaning'inia kwenye tawi lisilomtosha, akachomeka mdomo ua moja baada ya jingine. Hatukusemezana mpaka alipoondoka.

Leo asubuhi nimekuta vijiti vitano vimekatwa vizuri chini ya kifundo, vimesimama kwenye kopo la maji dirishani jikoni. Hakuniomba, na wala sikumuuliza. Nilimwambia tu kwamba kule Mvumi mbuzi watavimaliza kabla havijashika.

"Wataonja," akasema, "kisha watatema."